Safu Niliyomjazia Fundi

Kosa ninalokusudia kulifunua hapa ni la kumjazia mtu kwao. Sizungumzii chuki dhidi ya wageni. Chuki ina kelele, na watu wenye adabu huikemea kwa urahisi. Nazungumzia tabia ya kimya ya watu waadilifu, wenye mwandiko mzuri na madaftari safi, wasioweza kuvumilia nafasi tupu mbele ya jina la mwenzao. Huijaza kwa nia njema, bila kumuuliza mwenye jina, kisha hulala usingizi mzuri. Mimi ni mmoja wao. Ndiyo sababu, katika kumwandika mzee huyu, sitasema alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, wala ukoo wake ulitokea upande upi wa mpaka. Msomaji aliyezoea kuanzia huko ataniwia radhi. Maswali hayo aliulizwa ya kutosha, na aliulizwa kwa sababu yangu.

Tulimwita Fundi. Musoma ina mafundi wa cherehani, wa pikipiki, wa boti na wa simu, lakini mtaani kwetu Nyakato ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, hata mtoto alijua unamtaka fundi wa mashine za kusaga. Hapakuwa na mashine ya unga kati ya Bweri na Bunda, wala katika vijiji vya Butiama nilikokulia, ambayo hakuwahi kuifungua tumbo. Hata kisiwani Rukuba, ambako wavuvi walikuwa na kimashine cha kusagia mihogo, alifika kwa boti, akakaa katikati kabisa, amefumba macho na kukumbatia mfuko wake wa spana. Aliogopa maji kuliko kitu chochote. Lakini ni yeye huyo huyo ambaye ujanani alivuka ziwa mara nyingi kufuata beringi na mikanda, enzi ambazo vipuri vilipatikana ng'ambo tu. Nilipomuuliza aliwezaje, alisema, "Nilikuwaga nafumba macho toka huku mpaka kule."

Namna yake ya kufanya kazi ilinifundisha mengi kuliko vitabu kadhaa ninavyovithamini. Siku moja, nikiwa Bunda kwa shughuli za shule, nilimkuta kwenye mashine ya mfanyabiashara mmoja karibu na soko. Mwenye mashine alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

"Fundi, ni injini. Inakosa nguvu kabisa."

Fundi aligeukia foleni ya akina mama waliosimama na ndoo zao za mahindi na udaga wa mihogo.

"Enyi mama zangu, ugali wa mashine hii mnauonaje siku hizi?"

"Ugali gani, Fundi? Kokoto!" akasema mmoja. "Mume wangu ananiuliza kama nimepika au nimejenga."

Foleni nzima ikacheka. Mwenye mashine akanuna.

"Toka lini?"

"Toka wiki ya sikukuu."

Fundi akachota unga kidogo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupeleka kwenye ulimi, akatema. "Chujio limetoboka," akamwambia mwenye mashine. "Injini yako ni nzima. Ni wewe ndiye hujafungua mfuniko ukaangalia."

Hivyo ndivyo alivyoanza kila mahali: kwanza waliokula unga, baadaye mwenye mali, mwisho kabisa mashine yenyewe. Wenye mashine walimlalamikia kwamba anawadhalilisha mbele ya wateja. Alikubali lawama hiyo, na hakubadilika.

Nisimfanye mtakatifu, maana hakuwa. Alikuwa mwongo katika mambo ya vipuri. Akikuta mashine chafu, panya wamejenga nyuma ya mota, alimwambia mwenyewe kwamba kifaa kinachotakiwa hakipatikani mpaka wiki ijayo, na kwamba katika kukisubiri ni vizuri chumba kifagiliwe. Kifaa kilikuwa mfukoni mwake muda wote. Alikuwa na kinyongo: kwa miaka hakumsalimia fundi mwenzake wa Bweri kwa sababu aliwahi kumwona akigonga shafti kwa jiwe. Ahadi zake za siku zilikuwa hazishikiki. Nilimkemea mara nyingi, kwa sababu mimi ni mwalimu na kwangu kuchelewa ni dhambi.

"Fundi, ulisema Jumanne."

"Nilisema Jumanne, Katibu. Sikusema ya wiki gani."

Aliniita Katibu kwa sababu ya wadhifa wangu katika chama chetu cha kufa na kuzikana cha mtaa, wadhifa nilioushika kwa miaka mingi na kwa majivuno kuliko nilivyodhani. Nitaufikia.

Mtu huyo huyo asiyeshika Jumanne hakuchelewa msiba hata mmoja. Yeye ni Mwislamu, nasi wengi wa mtaa ni Wakristo wa madhehebu mbalimbali, lakini alikuja kwenye kila mazishi, akasimama nyuma na kofia yake nyeupe, kucha zake zikiwa bado na mafuta meusi ambayo mafuta ya taa hayakuweza kuyatoa. Alipofariki mama yangu, tulimsafirisha kutoka Musoma hadi kwetu Butiama, kama ilivyo desturi. Fundi alikuja na gari la waombolezaji. Padri alipomaliza na watu wakaanza kuondoka kwenda kunawa, nilimkuta amechuchumaa kando ya kaburi akikaza mpini wa koleo uliolegea.

"Fundi, njoo ule," nikamwambia.

"Nakuja. Hili koleo la watu. Wamelitumia likiwa linayumba, likaniumiza roho toka mwanzo."

Sikujua kama nicheke au nilie. Nilifanya yote mawili, na yeye akaendelea kukaza mpini.

Ninafundisha somo la Uraia. Kila mwaka, kwa kidato cha tatu, huwa naeleza habari za Jumuiya ya nchi zetu jirani: kwamba watu wake wanaruhusiwa kwenda na kurudi, kutafuta kazi, kutembeleana. Huieleza vizuri, nadhani, kwa ramani na mishale. Mwaka mmoja nilimwalika Fundi darasani, ili wanafunzi wamwone mtu ambaye ameishi mambo yale kabla hayajaandikwa. Alivaa kanzu ya Ijumaa, akakaa kwenye kiti changu, akakataa kusimama mbele ya ubao.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Shikamoo, babu. Wewe ni wa nchi gani?"

"Marahaba. Mimi ni wa Nyakato, pale karibu na bomba la maji."

"Nchi, babu."

"Hiyo hiyo lilipo bomba."

Darasa likavunjika mbavu. Nilijaribu kuliokoa somo. Nikamwambia awaeleze wanafunzi ilikuwaje zamani kuvuka mpaka. Akafikiri kidogo, akasema walikuwa wakivuka kwa sababu hakukuwa na wa kuwauliza, na kwamba sasa pamewekwa mlango, na mlango ukishawekwa mtu mzima hupita mlangoni. Kisha akauliza kama feni ya darasa ina muda gani inalia hivyo. Kipindi kilichobaki kiliishia juu ya meza, akiifungua feni, na wanafunzi wangu wakajifunza habari za beringi.

Nilichukizwa siku ile. Niliona amepoteza nafasi ya kusema jambo kubwa. Leo nadhani alilisema.

Sasa nifike kwenye daftari.

Chama chetu kina daftari la wanachama, na safu yake ya mwisho inaitwa "Nyumbani". Kwa mtu wa mkoa wetu wa Mara maana yake haihitaji maelezo: ni mahali maiti itakapopelekwa. Tuna wanachama waliozaliwa hapa Musoma, wakasoma hapa, wakaoa hapa, ambao kijijini kwa babu zao hawajawahi kulala zaidi ya wiki moja. Lakini kwenye safu hiyo wameandikisha Tarime, Rorya, Ukerewe, Butiama. Safu ile haiulizi mtu anaishi wapi. Inakiambia chama kijiandae kwa gari la namna gani na kwa safari ya urefu gani. Hayo tu.

Fundi alipojiunga, nilimsomea safu moja moja na kuandika majibu yake. Tukafika mwisho.

"Nyumbani?"

"Hiyo ruka, Katibu. Sisi hatusafirishi maiti. Nikifa asubuhi, alasiri niko chini. Mtanikuta hapo hapo makaburini kwetu mjini."

"Kila mtu ana kwao, Fundi."

"Ndio. Na mimi si nimeshakwambia?"

Nikairuka. Lakini daftari lile, msomaji, lilikuwa na majina zaidi ya mia moja, na safu ya mwisho ilikuwa imejaa kutoka juu hadi chini isipokuwa mahali pamoja. Kila nilipolifungua, jicho langu lilikwenda pale. Alasiri moja, nikiwa na kalamu mkononi na chai mezani, nikakumbuka kwamba aliwahi kunitajia mji fulani ng'ambo ya mpaka, mji alikojifunzia ufundi na ambako dada yake aliolewa. Nikaandika jina la mji ule. Niliona nimefanya usafi. Sikumwambia, kwa kuwa sikuona kuna cha kumwambia.

Miaka ikapita. Kisha dada yake akaugua.

Habari ilikuja kwa simu kutoka kwa mpwa wake, na Fundi aliniwekea sauti ya juu nisikie, kwa sababu alitaka shahidi. "Mjomba," sauti ya mwanamke ikasema, "mama anakuulizia. Siku nyingine anatujua, siku nyingine anatuuliza sisi ni watoto wa nani. Njoo akiwa bado anakujua."

Haja yake ikawa hiyo moja: amwone dada yake angali anamjua, kisha arudi nyumbani kwake Nyakato. Zamani angefumba macho akapanda boti. Lakini sasa alitaka kupita kituo cha mpakani cha Sirari, mlangoni, na mlango ule humfungukia mwenye hati ya kusafiria. Hati hutolewa kwa mwenye kitambulisho cha taifa. Na Fundi, aliyefungua matumbo ya mashine za wilaya tatu, hakuwa amewahi kushughulikia kitambulisho. Niliyoyachora ubaoni kwa mishale yalikuwa ya kweli. Ila mshale huanzia mahali, na yeye hakuwa na karatasi ya mahali pa kuanzia.

Dereva mmoja wa bodaboda, mtu wa huruma yake, alimshauri mbele yangu. "Mzee, mbona unahangaika? Kuna njia pale nyuma ya maduka, dakika tano uko ng'ambo. Nani atakuuliza?"

"Na kurudi?"

"Unarudi hapo hapo."

"Mura, kijana wangu, mimi nina nyumba Nyakato. Nikienda kwa kujificha, nitarudi kwa kujificha. Siwezi kurudi kwangu kama mwizi."

Akaomba kitambulisho. Aliambiwa alete uthibitisho kwamba ni mkazi wa siku nyingi, na akaja kwangu. Nilifurahi mno. Nikatoa nakala ya ukurasa wa daftari la chama, nikaipiga muhuri, nikaandika barua ya kurasa mbili kueleza alivyokuwa mwanachama mwaminifu. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna ushahidi bora kuliko huo. Sikuusoma ukurasa wenyewe. Ulikuwa mwandiko wangu, na mtu hasomi mwandiko wake.

Alirudi kutoka ofisi ya vitambulisho akiwa mtulivu, mfuko wa spana begani kana kwamba ametoka kazini. Nilikuwa nje ya nyumba nikianika nguo.

"Katibu, kumbe nina kwetu, na sikujua."

"Una maana gani?"

"Wamenionyesha karatasi. Imeandikwa nyumbani kwangu ni kule kwa dada. Wameniambia basi nikaombe kitambulisho huko. Jalada wameliweka pembeni, wanasema watachunguza."

Nguo iliyokuwa mkononi mwangu ikabaki mkononi. Nilijua papo hapo. Na mimi, niliyewafukuza wanafunzi darasani kwa uongo mdogo kuliko huo, nikamwambia, "Ofisi hizi zina makosa mengi, Fundi."

"Inawezekana," akasema. "Basi tusubiri."

Akasubiri. Kiangazi chote akasubiri, na vuli ikaja ikapita. Aliendelea na kazi zake Bweri na Bunda. Hakuacha kuahidi Jumanne. Mpwa wake alipiga simu, na kila nilipomuuliza Fundi habari, alinijibu kwa kipimo kile kile kama anapima mafuta ya injini: "Juzi alimjua binti yake, jana hakumjua, leo ametaja jina langu." Hakuniuliza hata siku moja ni nani aliyeandika. Nilijitetea moyoni kwa hoja nilizozijenga vizuri: kwamba safu ile haina maana ya uraia, kwamba kosa ni la aliyeisoma vibaya, kwamba ukweli ungejitokeza katika uchunguzi. Hoja zote zilikuwa sahihi. Hakuna hata moja iliyomsogeza Fundi hatua moja kuelekea Sirari.

Hatimaye maofisa wawili wakaja ofisi ya kata kusikiliza mashahidi katika mashauri ya namna hiyo. Fundi alitakiwa kusubiri nje, kwenye benchi, na mashahidi tukaingia. Niliitwa kama katibu wa chama, pamoja na daftari. Nilikuwa nimeandaa maelezo. Ofisa aliyeongoza kikao, kijana mwenye adabu na shati lililopigwa pasi vizuri, alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"Taarifa hii ilipatikanaje, mama?"

"Daftari liliandikwa kwa kufuata taarifa zilizokuwepo," nikasema.

Niliitunga sentensi ile kwa uangalifu, na msomaji anayejua lugha ataona kwamba haina mtu ndani yake.

Kabla hajaendelea, mlango ukafunguliwa. Aliingia mjane mzee kutoka kijiji kimoja cha Butiama, anayemiliki mashine ya kusaga aliyoachiwa na mumewe. Nilimfahamu, nyumbani kwetu tumesaga kwake tangu nikiwa msichana, na kama wote nilimwita Mama Wambura, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa amesikia habari za shauri, akaja na bodaboda kutoka kijijini, amebeba kitu kizito kilichofungwa kwa khanga. Akakitua mezani, juu ya karatasi za ofisa. Kikalia kama kengele.

"Mama, hiki ni nini?"

"Mfuniko wa mashine yangu."

"Unahusiana nini na shauri hili?"

"Geuza."

Ofisa akageuza. Upande wa ndani, ule unaotazama nyundo za kusagia na unga, chuma kilikuwa kimechorwa kwa msumari mistari mingi, mmoja chini ya mwingine: mwezi, mwaka, jina la kijiji, na kifaa kilichobadilishwa. Nilikuwa nimemfahamu Fundi kwa miaka yote ile, wala sikujua. Hakuwa na daftari. Kila alipofungua mashine aliandika ndani ya mfuniko alichofanya, ili akirudi asijiulize. Na kila mashine katika eneo lake, Mama Wambura alisema, ina maandishi kama hayo.

Ofisa akasoma kimya, kidole kikipanda juu mstari kwa mstari, hadi wa kwanza.

"Hapa mimi nilikuwa sijazaliwa," akasema taratibu.

"Ulikuwa hujazaliwa, na yeye alishatengeneza mara tatu," akajibu Mama Wambura. "Sasa baba, leo mashine yangu haina mfuniko, unga unaruka mpaka barabarani. Naomba usinicheleweshe."

Wote wakacheka, hata ofisa wa pili aliyekuwa amenuna tangu asubuhi. Mama Wambura hakucheka. Alikuwa ameinamia ukurasa wangu, akiulinganisha na chuma chake.

"Na hii nayo ni nini?"

"Ni daftari la chama chao, mama. Linasema kwao ni ng'ambo."

"Linasema? Hii si kalamu ya Fundi. Herufi zake angalia hapa, zimelala kama ng'ombe waliochoka. Hizi zimesimama kama wanafunzi mstarini." Akainua macho. "Mwalimu ni nani humu ndani?"

Hakunitaja. Alinitazama tu, kwa macho ya mtu aliyenipimia unga nikiwa mtoto.

"Aliyeandika hapo, alimuuliza mwenyewe?"

"Niliandika mimi," nikasema. "Sikumuuliza. Aliniambia niruke."

Yalikuwa maneno machache kuliko yote niliyoyaandaa. Ofisa akayaandika. Kisha akamgeukia mjane ili aingize ushahidi wake.

"Jina lako, mama?"

"Mama Wambura."

"La kwako mwenyewe."

Akalitaja, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa nguo iliyokaa sandukuni muda mrefu. Nililisikia kwa mara ya kwanza. Akaufunga mfuniko wake kwenye khanga, akatoka kwa mlango wa nyuma kulikokuwa na bodaboda yake, kwa kuwa wateja walikuwa wanamsubiri. Fundi, kwenye benchi la mbele, hakumwona.

Kitambulisho kilitoka, kisha hati. Masika yalikuwa yameanza alipopanda gari la kwenda Sirari, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatatu. Sikwenda kumsindikiza.

Nilikutana naye baada ya yeye kurudi, Bweri, kwenye mashine mpya iliyo jirani na nyumba zinazojengwa kule juu. Ilikuwa mchana, injini imezimwa, na yeye amekaa kwenye gunia tupu akifuta spana moja moja kwa tambara. Nikamwamkia, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta." Akafuta spana, akaiweka chini. "Kanikaribisha vizuri. Kanipa kiti. Kaniuliza kama nimetoka mbali. Siku zote nilizokaa, kila asubuhi kaniuliza kama nimetoka mbali."

"Hakukujua."

"Hakunijua. Binti yake anasema mpaka vuli alikuwa ananitaja. Sasa hanitaji." Hakulisema kwa uchungu, alilisema kama anavyosema chujio limetoboka. "Lakini pale mlangoni, Katibu! Nilitoa hati, yule binti wa dirishani akagonga muhuri, akaniambia safari njema, babu. Na kurudi, akaniambia karibu nyumbani. Nikasimama kidogo pale. Nikawazuia watu foleni."

Akachukua spana nyingine. Kisha akasema, "Wanasema ulisimama kule kata, ukanitetea. Sijakushukuru."

Ningeweza kuipokea shukrani ile. Hakuwepo shahidi, na yeye mwenyewe alikuwa ameinyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Fundi, ile karatasi iliyokuzuia niliiandika mimi. Ulinambia niruke, nikajaza baadaye bila kukuuliza. Na uliponiambia habari ya jalada nilijua, nikakaa kimya. Vuli ile uliipoteza kwa sababu yangu."

Akaendelea kufuta spana. Akaimaliza, akachukua nyingine, akaifuta ile nayo mpaka mwisho.

"Ulidhani ni kwetu?"

"Hapana. Sikupenda nafasi tupu."

"Mm." Akatazama nje, kwenye matofali ya watu. "Mimi nimesema uongo wa vipuri miaka mingi, lakini hakuna aliyekosa ugali kwa uongo wangu." Akavuta pumzi. "Sitakwambia si kitu, Katibu. Ni kitu. Ila umekuja ukakisema mwenyewe."

Sikuomba zaidi ya hapo, na sidhani nilistahili.

"Basi aliyenitoa nani?"

"Mama Wambura wa Butiama. Aliubeba mfuniko wa mashine yake mpaka kwenye meza yao."

Kwa mara ya kwanza mchana ule mikono yake ikasimama. "Nilikuta umefungwa upya, bolti zimekazwa vibaya," akasema polepole. "Nikamgombeza."

"Hakukwambia?"

"Aliniambia nikaze, niache maneno." Akacheka bila sauti, akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono wenye mafuta. Muadhini alikuwa ameanza kuita sala ya adhuhuri kutoka upande wa mjini. Fundi akainuka, akakung'uta gunia, akaanza kunawa kwenye kopo la maji.

"Jina lake mwenyewe ni nani? Miaka yote namwita kwa mtoto wake. Nataka kumwombea dua, na katika dua nataka nimtaje kwa jina lake."

Nikamwambia: Nyangeta.